Mkate Wenye Harufu ya Muhugu

Nyinyi wajukuu mnaoingia kwangu mkisema "niaje shosho" na viatu bado viko miguuni, kaeni chini. Viatu nje kwanza. Haya. Mmeniuliza mara nyingi nilivyooka miaka yote ile pale Makadara, Nairobi, bila stima ya kuokea, na kila nikianza kueleza, mmoja wenu anaitwa na simu. Kwa hivyo nimeandika. Shule nilifika darasa la tatu, na hilo linatosha kuandika mambo niliyoyafanya kwa mikono yangu mwenyewe. Kalekye binti yangu amenipigia chapa. Alitaka kunirekebisha mahali, nikamwambia aache kama nilivyoweka.

Kazi yangu ilikuwa kuoka. Sikuajiriwa na mtu. Mandazi kila asubuhi, mikate Jumamosi, keki wakati wa arusi na ubatizo, yote katika nyumba ya kaunsili ya jiji yenye chumba kimoja na jikoni ndogo. Ukitaka kugeuka mle ndani, unakumbatia sufuria kwanza. Nilioka hapo mpaka mgongo ukakataa, na sikumbuki siku niliyoamka nikaichukia kazi. Nilichukia moshi, nilichukia mvua, lakini kazi hapana.

Tanuri letu lilikuwa sufuria kubwa. Ndani yake unaweka mchanga, kina cha vidole vitatu. Unga uliokandwa unautia kwenye mikebe ya mafuta ya kupikia iliyooshwa vizuri, mikebe unaipanga juu ya mchanga, unafunika na bati bapa, na juu ya bati unaweka makaa. Hapo ndipo watu walikosea. Walidhani moto ni wa chini tu, wakajaza jiko, mkate ukaungua makalio na kichwa kikabaki kibichi. Chini weka makaa machache, juu mengi. Kabla ya kuweka mkate, tupa kipande cha gazeti ndani, ufunike, uimbe ubeti mmoja wa wimbo wa kanisani bila haraka. Ukifunua ukute karatasi ina rangi ya chai ya maziwa, moto uko sawa. Ikiwa nyeusi, ondoa makaa.

Na msicheke kuhusu kuimba. Saa tulikuwa nayo moja nyumbani, na Baba Kalekye, mume wangu, aliivaa akaenda nayo kazini. Mkate wa mkebe ulitaka nyimbo kumi na mbili, keki kumi na tano. Majirani walijua. Wakinisikia niko wimbo wa kumi na moja, mtoto mmoja anatumwa kwangu kuuliza kama nina chumvi, na mkononi ana sahani. Chumvi haiwekwi kwenye sahani ya mezani, lakini nilimkatia kipande. Na mwanamke mja mzito hakuhitaji hata sahani. Harufu ikimfikia, ana haki yake. Kuna mwaka ambao nusu ya wanawake wa mstari wetu wa nyumba walikuwa waja wazito, na nikashindwa kuelewa mkate unaenda wapi.

Aliyenifundisha ni Mama Rhoda, mjane wa nyumba ya pili kutoka kwetu. Alikuwa amepika jikoni kwa Wazungu tangu akiwa msichana, na maneno aliyatoa kama mtu anayetoa sukari wakati wa uhaba. Siku ya kwanza alisimama nyuma yangu nikikanda unga.

"Mama Kalekye," akasema, "huo unga unaukanda ama unaubembeleza?"

"Naukanda, mama."

"Basi bado hujajua."

Akanisukuma kwa kiuno, akakanda yeye. Kisha akavuta kidogo, akanishika sikio kwa vidole vyenye unga. "Ukiwa laini kama hapa chini ya sikio, umeiva. Kabla ya hapo usiniite." Mpaka leo mimi hushika sikio kwanza. Nyinyi mnapima kwa mizani na mkate wenu unatoka kama sabuni ya kipande.

Mama Rhoda alikuwa na sheria moja iliyopita zote: juu ya mkate wala chini yake usiweke kitu chenye harufu. Makaa tu, tena makaa yaliyoshika vizuri, yasiyo na moshi. Mkate unakunywa harufu. Mimi sheria hiyo niliivunja kwa vitu viwili. Mara ya kwanza nilijuta.

Mara hiyo ilikuwa mchanga. Mama Rhoda aliniambia nitafute mchanga, hakuniambia wa wapi, nami nikaona rundo zuri kabisa nyuma ya nyumba zilizokuwa zinatengenezwa. Nikajaza karai. Nilikuwa na keki ya ubatizo, mayai manane ndani, maganda ya limau, kila kitu. Sikujua kwamba paka wote wa mtaa walikuwa na desturi ya kwenda haja kwenye rundo lile. Mchanga ukiwa baridi hausemi kitu. Nilipofika wimbo wa tatu, ulisema. Watu walitoka nyumbani. Mzee mmoja aliyekuwa ananyolewa uani alihama na kiti chake.

Jirani yangu akaniita kutoka mlangoni kwake, kanga mdomoni. "Mama Kalekye, leo unaoka nini?"

"Keki ya ubatizo."

"Ya mtoto ama ya paka?"

Waliniita Mama Paka mpaka nikazaa mara ya pili. Mama Rhoda hakucheka. Alikuja, akanusa mara moja, akasema, "Mchanga unaoshwa mara tatu, unakaa juani siku mbili, halafu unachomwa mtupu na wewe unanusa. Nilidhani unajua." Akaenda zake. Keki nyingine nilioka kwa mayai aliyoniletea yeye, chini ya kitambaa, ili mtu asimwone akinihurumia.

Jumapili zetu hamwezi kuziamini, kwa sababu Njiru mnayoijua nyinyi ni ya maghorofa. Wakati huo ilikuwa majani na ng'ombe, na swala mmoja mmoja anakuangalia kama wewe ndiye umepotea. Mtaa wa Fedha haukuwepo. Tukitoka ibada, mkate ninaufunga katika kitambaa safi, tunapanda basi, tunashuka, tunatembea mpaka tuone mti wenye kivuli cha kutosha watu watano. Chai iko kwenye chupa. Watoto wanarudi soksi zimejaa mbegu za nyasi. Baba Kalekye hakuweza kupita mti bila kuugonga kwa kidole na kutega sikio, kwa maana alikuwa mchongaji, Mkamba wa Wamunyu kule Machakos, na baba yake alikuwa mchongaji pia. Ninyi mnauliza tulifurahia nini bila televisheni. Tulifurahia hayo. Mkate wa asubuhi ukiliwa saa nane juu ya nyasi una utamu ambao sijaupata mezani.

Sasa nije kwa mama yake.

Mimi ni Mkikuyu wa Murang'a. Mama mkwe wangu alitaka mkamwana wa kwao, na sikumlaumu, hata mama yangu alitaka mkwe wa kwetu. Mtoto wetu wa kwanza alikuwa msichana, tukampa jina la bibi yake kama inavyopasa: Kalekye. Watoto walimwita bibi huyo susu, kama Wakamba wanavyoita. Mimi alikuwa hajaniita kitu. Miaka minane nilikuwa "wewe".

Basi jicho lake la kulia likaota mtoto wa jicho, na la kushoto lilikuwa limeshaharibika zamani. Baba Kalekye akamleta Nairobi hospitali, akapasuliwa, akaambiwa akae karibu wiki tatu ili waendelee kumwangalia. Alikuja kwetu akiwa amefungwa bendeji, ameshikwa mkono, na kibuyu chake begani. Kwa kuwa chumba ni kimoja, na mama hawezi kulala chumba kimoja na mwanawe na mke wa mwanawe, Baba Kalekye alihamia kwa rafiki yake mtaa wa pili. Nikabaki mimi, watoto wawili, na mama mkwe asiyeona.

Usiku wa kwanza, Baba Kalekye bado hajatoka, mama mkwe hata kabla ya kuvua kitambaa cha kichwa alisema neno lililomleta. Alisema kwa Kikamba. Kikamba na Kikuyu ni ndugu; ukisikiliza polepole utaelewa, na neno baya utalielewa hata likisemwa haraka.

"Mtoto ana jina langu," akasema. "Nikitoka hapa natoka naye. Atakaa kwangu Wamunyu."

"Mama, yuko shule, darasa la kwanza."

"Hata Wamunyu kuna shule. Hapa mnamlisha nini? Hakuna kitu cha kwao katika nyumba hii. Nimekaa tangu mchana, sijasikia hata kitu kimoja ninachokijua."

Nilimwangalia Baba Kalekye. Alikuwa anaangalia viatu vyake. Alikuwa mwanamume mzuri, lakini mbele ya mama yake alikuwa na umri wa miaka saba. Na msidhani bibi alikuwa anataka kuiba. Kulea mjukuu mwenye jina lako ni jambo la heshima, wengi walilelewa hivyo wakawa watu wazuri. Ningekataa kwa maneno, ningekuwa nimemtukana. Kwa hivyo niliamua nitasema kwa mkono. Nilijua kitu kimoja tu cha kufanya. Nikakanda.

Wiki ya kwanza nilioka keki ya mayai sita. Akaigusa kwa kidole.

"Nani anaoa?"

"Hakuna, mama. Ni ya chai."

"Chakula cha arusi bila arusi," akasema, akasukuma sahani, akala muthokoi aliyokuja nayo, mahindi yake yaliyokobolewa na maharagwe, ambayo aliniamrisha namna ya kuchemsha huku akisikiliza maji kama yamenyamaza mapema. Wiki ya pili nilioka skonzi, nikaoka mkate wa ndizi mbivu, nikaoka mandazi yenye iliki. Hakuna alichokula. Aliomba radhi kwa Mungu kwa kuniachia chakula, lakini mimi hakuniomba.

Siku ya Jumatano ya wiki ya tatu nilimkuta ameketi kitandani na kitambaa kimetandazwa magotini. Alikuwa anakunja nguo za Kalekye kwa kupapasa. Gauni la kanisani, sweta, soksi. Akafunga fundo, akaweka furushi chini ya mto. Wangeondoka Jumamosi. Kalekye, ambaye kwake safari ni safari, alikuwa anaruka kwa mguu mmoja akiimba majina ya mbuzi wa susu. Nilikwenda jikoni nikaosha sufuria safi.

Alhamisi mvua ilinyesha kama imetumwa. Muuza makaa hakupita, na gunia langu lilikuwa limelala nje likalowa. Nilipata makaa makavu ya kutosha chini tu. Mkate ulikuwa umeshaumuka, umefika ukingo wa mikebe, na unga ulioumuka haungoji mtu. Nyuma ya mlango kulikuwa na gunia la Baba Kalekye, vibanzi vya muhugu, vile vipande vinavyoruka tezo ikipiga mti. Alikuwa anavileta nyumbani kuwashia jiko. Muhugu ni mti mgumu wenye mafuta, na ukiuchoma unatoa harufu nzito, kama kanisa na kabati la nguo kwa pamoja. Nilimsikia Mama Rhoda kichwani mwangu akikataa. Nikaviwasha juu ya bati hivyo hivyo.

Bati langu lilikuwa na bonde upande mmoja. Moshi ulipata njia. Nilipofika wimbo wa tano nilijua nimeharibu, na nilipofunua, mkate ulikuwa na rangi nzuri kabisa na harufu ya sanduku. Nilikata kona nikaonja. Mchungu kwa mbali, nyuma ya ulimi. Nikaona nimngoje Mama Rhoda alale kwanza, kisha niwape kuku wa jirani.

Sauti ikatoka chumbani. "Nani ameingia?"

"Hakuna mtu, mama. Ni mimi."

"Kuna mtu."

Nikaenda mlangoni na kisu mkononi. Alikuwa ameketi wima, uso wenye bendeji umeelekea jikoni, mikono yote miwili imeshika ukingo wa kitanda. Nilimwambia tena kwamba hakuna mtu, ni vibanzi vya muhugu nimechoma kwa sababu makaa yamelowa, na mkate umeharibika.

Akavuta ile harufu kwa pua.

"Shati lake lilinuka hivyo," akasema. "Hata nilifue mara mbili."

Alikuwa anamtaja baba mkwe wangu, mchongaji yule mzee, ambaye mimi nilimkuta amekwisha kufa. Katika siku zote za kuwa mkamwana wake sikuwa nimemsikia akimtaja.

"Lete."

"Mama, ni mchungu."

"Nimekuuliza ladha?"

Nikamkatia kipande chembamba. Alikinusa kwanza, akakaa nacho puani kama mtu anayesoma barua. Kisha akauma. Akatafuna taratibu, akameza.

"Ni mchungu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Kata mwingine. Usikate mwembamba kama mtu mwenye choyo."

Alikula vipande vitatu na chai. Kalekye alikuja, akapewa kipande cha nne, akakunja uso.

"Susu, huu mkate una dawa?"

"Una babu yako. Kula."

Ijumaa asubuhi aliniita. Aliniita, "Mama Kalekye." Nilikuwa nakoroga uji, nikakoroga mpaka ukaanza kushika chini. "Mama Kalekye, ule wa jana utakuwepo leo?"

Nikaoka tena, safari hii makaa yalikuwa makavu na muhugu niliuweka kwa makusudi, konzi moja tu, mwishoni, nyimbo tatu za mwisho, ili mkate upate harufu usipate uchungu. Hilo nililigundua mimi mwenyewe siku hiyo, hakuna aliyenifundisha. Mama Rhoda alipita dirishani, akasimama.

"Umeweka nini juu ya huo mkate?"

"Kitu chenye harufu."

"Nilikukataza."

"Ulinikataza, mama."

Alinyosha mkono, nikampa kipande. Alitafuna akiangalia pembeni. "Huu si wa kuuza," akasema. Akamaliza kipande, akajipangusa, akaenda zake. Na kweli sikuuuza hata siku moja.

Jumamosi asubuhi Baba Kalekye alikuja kumchukua mama yake kwenda kwenye gari la Machakos. Bendeji ilikuwa imetolewa, jicho linalia kidogo lakini linaona. Kalekye alikuwa amevaa viatu tangu alfajiri. Mimi nilikuwa nimeshamsuka nywele, nimemfundisha anwani yetu, nimemwambia asisahau kunawa shingo. Nilikuwa nimekwisha kujiambia kwamba sitalia mbele ya mtu.

Mama mkwe akavuta furushi kutoka chini ya mto. Akaniangalia, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza aniangalie vizuri kwa jicho lake jipya. Akaangalia jikoni, akaangalia gunia nyuma ya mlango. Akafungua fundo. Akatoa gauni, akatoa sweta, akatoa soksi, akavipanga kitandani kimoja kimoja. Kisha akanyosha mkono kwangu, kiganja juu.

"Mkate," akasema.

Nikampa mikebe miwili. Akaiweka pale palipokuwa na nguo, akafunga fundo.

"Susu," Kalekye akasema, "na mimi?"

"Wewe utakuja shule ikifungwa. Utaniletea mwingine. Mama yako ataoka, wewe utabeba, na ukiula njiani nitajua."

Baba Kalekye alianza kusema kitu. Mama yake akamwambia abebe kibuyu.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa, kila likizo, miaka mingi, mpaka Kalekye mwenyewe akawa mkubwa wa kuoka. Sasa ana tanuri lenye kioo na taa ndani. Siku nyingine nakaa mbele yake na kikombe cha chai nikiangalia mkate unavyopanda, na nakiri ni raha, natamani Mama Rhoda angeishi kuiona. Kioo hakihitaji nyimbo. Mimi naimba tu.

Lakini siku ile, walipoondoka kwenda garini, nilirudi ndani, nikarudisha nguo za mtoto kwenye sanduku, nikaketi. Baba Kalekye aliporudi alikuta jiko limezimika. Kama kawaida yake akaenda nyuma ya mlango, akachota vibanzi vya kuwashia moto. Nikamwambia avirudishe. Nikawaita na watoto wakasimama mstari, ili asibaki wa kusema hakusikia, nikawapa amri ambayo iko mpaka leo, nanyi mnaoishi kwangu inawahusu:

"Jiko liwashwe kwa karatasi. Gunia la muhugu lisiguswe na mtu. Hilo ni la mkate wa susu."